Jahazi Letu Halina Ramani

Sanduku la kujengea meli ya mfano huwa jepesi kuliko linavyoonekana. Ndani mna vibao vya plaiwudi vilivyokatwa kwa leza, mafungu ya fito nyembamba, vijiti vya mviringo vitakavyokuwa milingoti, vipakiti vya vifaa vidogo vya shaba, vibiringo vya uzi wa rangi mbili, na karatasi pana za michoro zilizokunjwa mara kadhaa. Mbao anaweza kukupatia seremala yeyote wa Keko, Dar es Salaam. Uzi unauzwa Kariakoo. Chenye thamani katika sanduku lile ni karatasi, maana ndizo zinazoeleza meli fulani, iliyoelea bahari fulani mwaka fulani, ilikuwa na umbo gani hasa tangu mkukuni hadi ncha ya mlingoti.

Naipenda kazi hii ya mikono, na kadiri ninavyoipenda ndivyo jambo moja linavyonisumbua. Nikitaka kujenga skuna ya wavuvi wa Kanada, kila kipimo nitaletewa mlangoni. Nikitaka kujenga jahazi lililobeba boriti kutoka Lamu hadi Mombasa, hakuna sanduku la kununua, na michoro michache iliyopo imetawanyika katika vitabu vya watafiti na maktaba za mbali. Wanaoijua kazi yenyewe ni wazee, na wameihifadhi kichwani.

Nianze na hiyo skuna, kwa sababu hadithi yake inaonyesha karatasi inaweza kufanya nini. Bluenose ilishushwa majini tarehe 26 Machi 1921 mjini Lunenburg, jimbo la Nova Scotia, mashariki mwa Kanada. Aliyeichora ni William Roué, walioijenga ni karakana ya Smith and Rhuland, na nahodha wake alikuwa Angus Walters. Ilikuwa na milingoti miwili, urefu wa mita 43 na ushei, na matanga yenye eneo la zaidi ya futi za mraba 10,000. Ilikuwa chombo cha kazi. Ilikwenda kuvua kwenye maji ya baridi ya Grand Banks, ikibeba mashua ndogo zilizopangwa sitahani moja ndani ya nyingine. Wakifika, wavuvi walizishusha na kwenda kutega mishipi, kisha wakarudi na samaki wa kutiwa chumvi. Mwaka huohuo wa 1921 ikashinda mashindano ya kimataifa ya skuna za uvuvi, na kombe lile halikuwahi kuiponyoka tena. Tangu 1937 sarafu ya senti 10 ya Kanada ina picha ya skuna inayotambulika na kila mtu kuwa ni Bluenose.

Umaarufu haukuiokoa. Injini ziliposhika uvuvi, skuna iliuzwa ikabebe mizigo katika visiwa vya Karibi, na tarehe 28 Januari 1946 ikapanda mwamba karibu na Haiti, ikavunjika. Mbao zake hazikurudi nyumbani. Hata hivyo mwaka 1963 karakana ileile ya Lunenburg ilishusha majini Bluenose II, iliyojengwa kwa kufuata ramani za ile ya kwanza, na baadhi ya waliofanya kazi hiyo walikuwa ndio walioijenga mama yake. Miaka 17 baada ya kuvunjika, umbo lake lilielea tena. Ramani hizo ndizo pia chimbuko la seti za mbao zinazouzwa leo, mojawapo ikiwa ya kampuni ya Model Shipways ya Marekani katika kipimo cha 1:64. Mtu ambaye hajawahi kuiona Nova Scotia anaweza kuketi mezani kwake Tanga au Kisumu akajenga upya, kipande kwa kipande, chombo kilichovunjika kabla hajazaliwa.

Kazi huanza na mkuku. Katika seti nyingi za leo mkuku hauji kama boriti. Umekatwa pamoja na uti wa katikati, ubao mmoja bapa unaokwenda tangu omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, wenye nafasi za kupachikia viunzi. Ubao huu ukipinda, meli yote imepinda, na hakuna msasa utakaoinyoosha baadaye. Plaiwudi hupinda kwenye unyevu, na anayejengea mwambao anaujua unyevu wa masika. Kwa hiyo kabla ya chupa ya gundi kufunguliwa, ubao hulazwa juu ya kioo au kigae kinyoofu, ukawekewa uzito, ukaachwa. Kisha viunzi hupachikwa vikavu, bila gundi, kila kimoja kikapimwa kwa pembe mraba, ndipo vigandishwe.

Sasa meza ina kitu kinachofanana na mifupa ya samaki, na hapo huja hatua ambayo wanaoanza huipuuza kuliko zote. Leza imekata kingo za viunzi zikiwa mraba. Ubavu wa meli hauko mraba popote isipokuwa pale katikati. Kuelekea omo na kuelekea tezi unajikunja kwenda ndani, na ufito ukilazwa juu ya kiunzi cha mbele utagusa ncha moja tu ya ukingo wake. Ni lazima kingo hizo zilainishwe kwa mshazari, kidogo karibu na katikati, zaidi na zaidi kuelekea miisho. Mjenzi huchukua ufito mmoja mrefu, akaulaza juu ya viunzi vyote bila kuusukuma, akatazama. Ukiruka kiunzi kimoja, pale pameliwa mno au pamepungua tangu mwanzo, na pataongezwa kibanzi. Ukipanda juu ya kiunzi kingine, pale bado msasa. Umbo la meli huamuliwa katika saa hizi za vumbi, kabla ufito wa kwanza haujabandikwa. Chombo kitakachopendeza kwa mtazamaji wa mwisho kimekwisha kupendeza hapa, kikiwa bado mifupa mitupu.

Kuzibandika fito kunadai hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme ubavu wa katikati, kutoka ukingo wa sitaha hadi mkukuni, una mzingo wa milimita 120, na kila ufito una upana wa milimita 5. Zitahitajika fito 24. Kwenye omo mzingo huo umepungua, tuseme hadi milimita 72. Fito ni zilezile 24, kwa hiyo kila mmoja lazima upunguzwe hadi milimita 3 unapofika omo. Asiyejua hili hubandika fito zake zikiwa na upana wote, na baada ya nne au tano zinaanza kupandana, zinajikunja kwenda juu, na mbele ya meli inageuka kuwa rundo la vibanzi. Mafundi wenye uzoefu hawaruhusu ufito upungue chini ya nusu ya upana wake, maana ukiwa mwembamba kupita hapo haushiki gundi wala hauigi mbao za meli halisi. Mzingo ukidai zaidi, fito mbili huishia katika mmoja. Tezi huwa na kisa kinyume: pale mara nyingi mzingo hupanuka, na lazima kipande chenye umbo la kabari kiingizwe kuziba pengo.

Kupinda mbao ni elimu nyingine. Wengi huamini maji ndiyo yanayolainisha ubao, wakauloweka kutwa. Kinacholegeza ule utomvu mgumu unaoshikamanisha nyuzi za mti ni joto hasa, na maji husaidia kulifikisha ndani na kulainisha. Dakika chache ndani ya maji ya moto, kisha pasi au bomba lenye joto, hutosha kwa ufito wa milimita moja na nusu, nao hupinda bila kuvunjika. Ubao ukipoa na kukauka umefungwa kwenye umbo unalotakiwa kulishika, hautarudi. Na fito hubandikwa kwa zamu, mmoja upande wa kulia, mmoja upande wa kushoto. Gundi ikikauka huvuta, na fito zikijazwa upande mmoja kwanza uti wa katikati utavutwa upande huo.

Juu ya tabaka hilo la kwanza huja la pili, la mbao nyembamba zaidi na zenye rangi nzuri, na ndilo litakaloonekana. Wapo wanaopaka penseli kwenye kingo za kila ubao wa sitaha ili mstari mweusi uige kalafati na lami iliyojazwa katikati ya mbao za meli halisi. Ni jambo dogo lenye ukweli ndani yake: bila mstari ule sitaha huonekana kama meza, na ukiwepo mtazamaji hukumbuka kwamba maji yalikuwa yakitafuta njia ya kuingia.

Kipimo nacho kina mafunzo yake. Katika 1:64, meli ya mita 43.6 inakuwa na sentimita 68. Baharia mwenye urefu wa mita 1.70 anakuwa na milimita 27. Kamba ya unene wa sentimita 2 inakuwa uzi wa theluthi moja ya milimita. Uzito hupungua kwa kasi kubwa kuliko urefu, maana hupungua kwa pande tatu: 64 mara 64 mara 64 ni 262,144. Bluenose ilikuwa na uzito wa takriban tani 260, kwa hiyo mfano wake ulio sawasawa ungekuwa na kilo moja hivi. Mtu anaweza kuishika kwenye viganja viwili skuna iliyobeba watu, barafu, chumvi na samaki.

Lakini upepo haupunguzwi pamoja na mbao. Nguvu inayoilaza meli hutegemea eneo la tanga na kimo chake, na nguvu inayoirudisha wima hutegemea uzito na upana. Chombo kikipunguzwa, hii ya pili hupungua upesi kuliko ile ya kwanza. Ndiyo sababu meli ya mfano iliyo sahihi kabisa ikitiwa baharini hulala kwa upepo mwanana. Watoto wa mwambao wanalijua hili kwa vitendo. Vingalawa vyao vya kuchezea, vyenye tanga la plastiki, vina mirengu miwili pembeni, navyo vinakwenda mbio penye maji ya magoti bila kupinduka. Naona katika vidude hivyo ushahidi kwamba elimu ya chombo ingalipo, na kwamba huanza mapema.

Kuhusu kamba sitasema mengi, ingawa ndizo zinazokula muda mrefu kuliko kiwiliwili chote cha meli. Kamba zilizosimama, zile zinazoishikilia milingoti, ni nyeusi kwa sababu zilipakwa lami. Kamba zinazokwenda, za kupandishia na kugeuzia matanga, ni za rangi ya katani. Hufungwa kwanza zilizosimama, kutoka chini kwenda juu, na kila uzi hupitishwa kwenye nta kabla ya kufungwa ili usitoe manyoya. Faida kubwa iko katika kuelewa. Aliyesoma kwamba henza hupandisha tanga na demani huliachia na kulivuta amejua maneno. Aliyezipitisha nyuzi hizo yeye mwenyewe katika makapi yenye upana wa milimita 3, akaona ipi inakwama kwa ipi, amejua kwa nini baharia aliyeikosea kamba moja usiku wa dhoruba aliweza kuwaangamiza wenzake wote.

Kuna jambo ambalo seti haifundishi, nalo ni zito. Imeshaamua. Umbo la kila kiunzi lilitoka kwenye mchoro, mchoro ukatoka kwa Roué, na mjenzi anafuata. Tena inamfundisha njia moja tu ya kuunda chombo: mifupa kwanza, ngozi baadaye. Ndiyo njia ya karakana za Ulaya na Marekani katika karne za karibuni. Jadi ya Bahari ya Hindi ilikwenda njia nyingine. Fundi huweka mkuku, akasimamisha hanamu mbele na fashini nyuma, akaanza kupanga mbao za chini, na umbo la chombo huzaliwa katika jinsi mbao zile zinavyopindwa na kuunganishwa. Mataruma, yaani mbavu za chombo, huja kufuata umbo lililokwisha kupatikana, yakikatwa kutoka kwenye matawi yaliyokua yamepinda yenyewe msituni, ya mkomafi, ya mtondoo, ya mti wowote mgumu wenye kombo inayofaa. Fundi hutembea porini akitazama miti kwa jicho la mtu anayekiona chombo ndani yake. Hana karatasi. Ana tezo, keekee, uzi wa kupigia mstari, na jicho.

Ustadi huu ni mkubwa kuliko wa kufuata ramani, na nasema hivyo bila kusita. Anayejenga kwa jicho anabeba kichwani umbo zima la kitu chenye urefu wa mita 15, akalitoa sawasawa pande zote mbili. Hasara yake ni moja: fundi akifa bila mwanafunzi, hakuna wa kumuuliza. Katika mwambao wetu wanafunzi wanapungua. Mbao nzuri zimekuwa ghali, boti za faiba zimeingia, na kijana wa Nungwi, Unguja, au wa Matondoni, Lamu, anaona pesa ya haraka katika utalii. Simlaumu. Simlaumu hata kidogo. Ila hesabu ya kitakachopotea lazima ifanywe na watu wazima.

Wapo waliotutangulia katika kuhifadhi maumbo ya vyombo vyao. Mafundi wa New England, tangu mwishoni mwa karne ya 18, walikuwa na desturi ya kuchonga kwanza nusu ya mfano wa meli, upande mmoja tu, kwa tabaka za mbao zilizolazwa moja juu ya nyingine. Mwenye meli alishika mfano ule, akaupapasa, akasema hapa punguza, hapa ongeza. Walipokubaliana, fundi alizitenganisha tabaka, akazipima, akakuza vipimo hadi ukubwa kamili. Kwao mfano ulitangulia meli, na wenyewe ndio uliokuwa ramani. Mingi imebaki hadi leo ikiwa imetundikwa ukutani katika makumbusho, na kila mmoja bado unaweza kupimwa. Uingereza, tangu karne ya 17, meli za kivita zilitengenezewa mifano ya kipimo cha 1:48 ambayo mbavu zake ziliachwa wazi kwa makusudi ili muundo uonekane; mingi iko Greenwich, na wanahistoria huisoma kama wasomavyo nyaraka.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii ni Mfaransa, François-Edmond Pâris, aliyezaliwa 1806 na kufa 1893 akiwa na cheo cha admirali. Alisafiri mbali akiwa ofisa kijana katika merikebu za serikali yake, na kila bandari alishuka na vifaa vya kupimia, akapima vyombo vya wenyeji: vya Waarabu wa Muscat, vya Wahindi, vya Wachina, vya watu wa visiwa vya Pasifiki. Wenzake wengi waliona vyombo hivyo kuwa duni. Yeye aliona kazi ya mafundi, akaichora kwa usahihi uleule ambao angeuchorea meli ya kifalme, na mapema miaka ya 1840 akachapisha kitabu kikubwa chenye michoro hiyo. Baadaye, kuanzia 1871, aliongoza makumbusho ya bahari mjini Paris, akaamuru mifano ya mbao itengenezwe kutokana na vipimo alivyovikusanya ujanani. Vyombo vingi kati ya hivyo havipo tena baharini. Vipo Paris, katika kabati za vioo.

Marekani ilifanya jambo hilo kwa namna inayotugusa zaidi. Mwaka 1936 na 1937, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, serikali iliwaajiri watu wasio na kazi waliojua kuchora na waliojua meli, ikawatuma kwenye fukwe na makaburi ya meli kupima vyombo vya mbao vilivyokuwa vikioza. Ulikuwa uchunguzi wa kitaifa wa vyombo vya biashara, na michoro yake imehifadhiwa na taasisi ya Smithsonian. Waliopima walipata ujira, na taifa likapata kumbukumbu. Sioni kwa nini wazo hili lishindikane Lamu, Tanga, Bagamoyo, Mafia au Pemba, ambako vijana waliosomea uchoraji wa majengo wanakaa bila kazi hatua chache kutoka kwa wazee wanaojua kuunda chombo.

Kwetu somo limekwisha kutolewa, na jina lake ni mtepe. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja vyombo vilivyoshonwa katika mwambao huu. Mtepe ulikuwa mzao wa mwisho wa jadi hiyo: mbao zilizoshonwa kwa kamba ya makumbi, vigingi vya mti mahali pa misumari, tanga la mkeka lenye pembe nne, na gubeti lililochongwa mithili ya kichwa cha ngamia. Karne ya 19 mitepe ya Wabajuni ilikuwa ikibeba boriti za mikoko kutoka visiwa vya Lamu. Kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 20 ikatoweka. Mwanzoni mwa karne hii ulipojengwa upya mtepe kamili kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja, hapakuwa na fundi hai aliyewahi kuushona mtepe wa kwenda baharini. Ilibidi kuegemea picha za zamani, maandishi ya watafiti, na mifano michache iliyobaki. Na jengo lenyewe lililouhifadhi liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020.

Oman ilikuwa na bahati ya kupata kitu cha kupima. Mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, yalipatikana mabaki ya chombo kilichoshonwa cha karne ya 9. Kutokana na mabaki hayo ilijengwa Jewel of Muscat, ikashonwa kwa kamba za makumbi, na mwaka 2010 ikasafiri kwa tanga kutoka Muscat hadi Singapore. Chombo kilicholala chini ya maji zaidi ya miaka 1,000 kiliweza kufuatwa kwa sababu mbao zake zilipimwa. Majahazi yetu yanayooza kwenye matope ya mikoko hivi sasa yana miaka 40 au 50 tu, na baadhi ya walioyaunda wangali hai.

Nayasema haya nikifahamu kwamba mafundi wa Lamu wanatengeneza mifano ya majahazi siku zote, mizuri sana, na wageni huinunua. Mingi huchongwa ili ipendeze na ibebeke katika begi, nayo ni kazi halali ya mtu anayetafuta riziki. Ninachokiomba ni kingine: mfano wenye kipimo, uliotoka kwenye chombo kimoja kinachojulikana jina, unaoambatana na ramani. Mfano huo ukishakuwepo, kuukata vipande na kuutia sandukuni ni kazi ndogo, kwa kuwa mashine za leza za kukata mbao zimekwisha kufika mijini kwetu. Ngalawa ingefaa iwe ya kwanza, kwa kuwa ina vipande vichache na kila mtoto wa pwani anaifahamu. Jahazi lingefuata, na kitabu chake cha maelekezo kingelazimika kumfundisha mjenzi njia ya kwetu, mbao kwanza na mataruma baadaye. Hakuna seti ya Ulaya ninayoijua inayofundisha hivyo. Seti kama hiyo ingeuzwa kwa mtalii kwa bei kubwa kuliko kinyago, ingeuzwa kwa mpenzi wa meli aliyeko Copenhagen au Boston, na ingewekwa katika darasa la ufundi huko Kilifi au Kilwa ili mwanafunzi aijue hesabu ya mzingo na fito akiwa na kitu mkononi.

Makumbusho ya taifa, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, yanaweza kuanza na mwaka mmoja na vyombo vitano. Vyuo vya ufundi vinaweza kutoa wachoraji. Lakini msomaji wa mwambao asingoje. Kama kuna jahazi lililopandishwa ufukweni karibu nawe, nenda na utepe wa kupimia, daftari na penseli, ukiwa na idhini ya mwenye chombo. Pima urefu wa mkuku. Pima hanamu imelala kiasi gani, kwa uzi wenye kitu kizito mwishoni. Pima upana wa chombo na kina chake katika kila taruma, kuanzia omo hadi tezi, na uandike namba ya kila taruma. Pima mlingoti na foromali, yaani boriti inayobeba tanga. Andika mbao ni za mti gani, chombo kinaitwaje, kiliundwa wapi, na nani alikiunda. Kama fundi yupo hai, mwombe akae karibu nawe wakati unapima, umuulize kila kipande anakiitaje na kwa nini alikikata vile, na uandike majibu yake kama alivyoyasema. Kisha toa nakala tatu: moja mwachie yeye au wanawe, moja ipeleke makumbusho au maktaba ya mkoa wako, na moja baki nayo.